Mgomba Ndani ya Sanda ya Malaika

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Rachida ameshika fundo la mwisho la sanda, na wapo wasomaji walionitumia matusi kwa kukatiza pale. Nimeyapokea. Haya, fundo limefunguka.

Ndani hamkuwa na mtoto.

Rachida alifunua shuka nyeupe mpaka usawa wa kifua, akaona rangi ya kijani. Akafunua tena. Kilicholala juu ya kitanda cha kuoshea maiti, kimefungwa kichwani, kiunoni na miguuni kama inavyotakiwa, kilikuwa mgomba mchanga, urefu wa mtoto wa miaka tisa.

"Mama weee!" alisema Binti, na bakuli la maji likamponyoka.

Binti ndiye muosha maiti wa wanawake katika mtaa ule wa Kasongo. Ameosha vikongwe, ameosha maharusi, ameosha vichanga vya siku moja, na mpaka leo hajawahi kuangusha chombo.

"Usipige kelele, dada," Rachida alinong'ona. "Wako hapo nje."

"Nipige kelele gani miye? Sauti yenyewe haiko."

Nje, nyuma ya shuka mbili zilizotundikwa uani kama pazia, wanawake walikuwa wanamlilia Malaika. Jina lake lilipanda, likashuka, likapanda tena. Kila lilipopanda, mwili wa Rachida ulisisimka, maana mtoto anayeitwa kwa kilio namna ile, popote alipo, lazima atageuza kichwa.

Kwa aliyefungua gazeti leo tu, sikiliza haraka. Malaika alitoka Kabambare na kundi la watu waliokimbia vita, hana mama, hana baba. Rachida, mjane muuza vitenge ambaye hakujaliwa mtoto, alimpokea. Miaka miwili walilala mkeka mmoja. Mtaa mzima ukasahau jina la Rachida, ukamwita Mama Malaika.

Halafu serikali ikachoka na mzigo wa watoto wasio na wazazi, ikaukabidhi kwa kampuni. Kampuni hiyo, Umande, ilijenga kituo nje kidogo ya mji, ikapita nyumba kwa nyumba na makaratasi, ikawachukua watoto kutoka kwa mama waliowapokea. Eti nyumba za watu hazina kiwango. Ukweli ni kwamba Umande hulipwa kwa kichwa cha mtoto, na kichwa kilicholala kwa Rachida hakikuwa na faida kwao.

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Leo asubuhi Umande wamemrudisha Malaika akiwa ndani ya sanda iliyokwisha kufungwa, pamoja na karatasi ya kifo na amri ya daktari kwamba ugonjwa wake unaambukiza, asifunguliwe. Walitaka kumzika kituoni. Shehe Hamadi ndiye aliyegoma, akasema mtoto wa Kiislamu huoshwa na kuswaliwa na watu wake.

Na watu wake wamefungua.

"Angalia huku kwa miguu," Binti alisema.

Mgomba ule haukukatwa. Uling'olewa mzima, na kisiki chake, na mizizi yake, ukaoshwa udongo. Upande wa kichwa palikuwa na kishungi cha nywele kilichofungwa kwa uzi mweusi. Rachida alikigusa, akakijua. Nywele zile alizisuka yeye mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, mtoto akiwa amekaa katikati ya magoti yake akilalamika kwamba anavutwa.

"Hawa wageni wa Umande hawajue mambo hii," Binti alisema kwa sauti ya chini. "Mutu aliyefunga hivi iko mutu wa huku kwetu. Wazee wengine wa upande wa Kabambare, mutu akifia mbali na mwili haurudi, wanazika mugomba pa nafasi yake."

"Unasema amekufa?"

"Nasema mutu aliyefunga anajua mutoto hatarudi."

Rachida alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alihisi baridi ya ajabu, saa nane mchana, jua likiwaka. Alitaka kulia akashindwa, kwa sababu hakujua anamlilia nani.

"Madame!" Sauti ya kiume ilisikika karibu kabisa na pazia. Alikuwa André, mkuu wa kituo cha Umande, mtu aliyeletwa kutoka mbali, mwenye viatu ambavyo havijawahi kupata tope. "Madame Rachida! Daktari alisema hakuna kuosha! Shehe anangoja, watu wanangoja!"

Kivuli cha mkono wake kilionekana juu ya shuka.

"Ingiza kichwa hapa, mwanaume," Binti alifoka, "nikuoshe weye kwanza!"

Mkono ukarudi. Hata André alijua kwamba mwanamume anayechungulia maiti ya mwanamke Kasongo hatatoka mtaani na meno yake yote.

Binti alifunika mgomba upesi. "Sasa sikia, Mama Malaika. Alasiri shehe atasimama mbele ya kitu hii aseme Allahu Akbar. Swala ya maiti juu ya mugomba! Mungu hatamuuliza yeye. Atatuuliza sisi wawili."

"Na kama mutoto iko muzima?" Rachida alisema. "Wamuswalie, wamuzike jina lake, kaburi lifungwe. Si ni kumuita aingie?"

Huko nje jina la Malaika lilipanda tena.

"Nipe mupaka Alasiri," Rachida alisema.

"Kwenda. Nitasema maji haijatosha. Nitasema sanda imepasuka nashona. Uongo wa muosha maiti hakuna mwanaume wa kuukagua."

Rachida alipita kwenye upenyo wa ua wa nyuma, akajitanda kitenge usoni, akazunguka mpaka barabarani. Mtu wa upande wa Kabambare, anayefanya kazi Umande. Hao hawakuwa wengi. Alikuwa mmoja.

Zakaria, mlinzi wa kituo, alikuwa amekaa peke yake kwenye kivuli cha ukuta, mbali na wenzake walioleta maiti. Alikuwa analia kuliko mlinzi anavyopaswa kulia. Rachida hakumpa salamu. Alimtazama mikono.

Utomvu wa mgomba hautoki kwa sabuni. Vidole vya Zakaria vilikuwa na madoa meusi mpaka kwenye kucha.

"Mikono yako, Zakaria."

Zakaria aliificha mapajani, halafu akaona hakuna maana. "Mama Malaika," alisema, "mumefungua?"

"Tumefungua."

"Al-hamdu... Mungu asifiwe. Ile neno ilikuwa inanikaba." Alifuta uso kwa kiganja. "Miye walinipa mawe. Walisema, funga mawe ndani ya shuka, uzito utatosha. Nikakataa kwa roho yangu. Kuzika mawe kwa jina la mutu ni kumulaani. Nikangojea waende kula, nikatoa mawe, nikaweka mugomba na nywele zake, zile walimunyoa siku alifika kituoni."

"Kwa hiyo amekufa mbali. Binti aliniambia."

"Binti anajua maiti, hajui migomba!" Zakaria alikaribia kukasirika. "Mugomba wa mufu unakatwa kisiki. Huu nimeuacha na mizizi yake yote. Kwa baba yangu ilikuwa vile: mutu amepotea, unapa udongo mugomba, udongo unashiba, unamuacha mutu. Mugomba ukiota, mutu iko muzima."

Rachida alishika ukuta. Dakika tano zilizopita mtoto alikuwa marehemu. Sasa labda anapumua mahali fulani.

"Malaika iko muzima?"

"Sijue."

"Zakaria!"

"Sijue, mama! Hata Monsieur André hajue. Hapo ndipo ubaya iko." Alitazama huku na huku. "Watoto walipokuwa wengi, Umande ikawapa wengine kwa mutu mmoja wa Lusangi, Magloire, awachunge badala yao. Magloire naye akawagawa kwa watu wake huko kwa machimbo. Wale nao sijue waliwapa nani. Kila mutu iko na karatasi ya kuonyesha kama alimupa mwenzake. Mwisho wa karatasi, mutoto haonekane."

"Na kuzika? Kuzika kunatoka wapi?"

"Kesho wakaguzi wanafika tena. Kwa fomu yao iko nafasi tatu tu. Mutoto iko kituoni. Mutoto amerudi kwao. Mutoto amekufa. Nafasi ya kusema hatujue kwenye mutoto iko, hiyo haiko."

Msomaji, nimeishi na watu wabaya katika hadithi hii wiki tisa, na nilidhani nimewazoea. Hapa nilisimamisha kalamu.

"Malaika si wa kwanza," Zakaria aliongeza, akitazama chini.

"Wangapi?"

"Kuja uone mwenyewe. Kituoni hakuna mutu, wakubwa wote wako hapa kwako wanalia."

Walipanda pikipiki ya kukodi, watu watatu, dereva hakuuliza kitu. Njiani walipishana na wanawake wanaokwenda matangani. Mmoja alimpungia mkono Rachida bila kumtambua.

Kituo cha Umande kilikuwa kimepakwa rangi mpya ya samawati kwa ajili ya wakaguzi. Watoto waliobaki walikuwa wamefungiwa darasani, wanafundishwa wimbo wa kukaribisha wageni, wanaanza, wanakosea, wanaanza tena. Zakaria alimpitisha Rachida nyuma ya jiko, nyuma ya choo, mpaka kwenye kipande cha ardhi kilichozungushiwa miti.

Palikuwa na vituta vinne vifupi, kila kimoja na msalaba wa mbao. Na juu ya vituta vitatu, mahali ambapo ungetegemea kifua cha mtoto, iliota migomba.

Ilikuwa midogo, imefika magotini. Hapakuwa na upepo, lakini jani moja changa lilikuwa linafunguka polepole. Rachida alilitazama, akataka kukimbia, akataka pia kupiga magoti na kulishika. Alichagua kusimama.

"Nilifunga miye zote tatu," Zakaria alisema. "Walinipa mawe, nikaweka mugomba. Kila jioni nazimwagilia, naziita kwa majina. Siku hii ya kwanza ilipotoa jani, nilicheka peke yangu kama mwenye wazimu."

"Wazima wote watatu?"

"Kama baba yangu hakusema uongo."

Rachida alijikuta anatabasamu katikati ya makaburi. Basi na wao watapanda mgomba wa Malaika hapa au pale, wataumwagilia, na siku jani likichomoza atachukua pikipiki mpaka Lusangi, mpaka machimbo, mpaka mwisho wa karatasi zote. Alikuwa mtu wa sokoni, anajua kumtafuta aliyekimbia na mali yake. Sembuse mtoto?

Halafu macho yake yakaenda kwenye kituta cha nne. Udongo wake ulikuwa mpya na haukuwa na kitu.

"Na huu haujaota?"

Zakaria alirudi nyuma hatua moja. "Huu hautaota. Huu iko wa kweli."

"Wa kweli namna gani?"

"Nilibeba mwenyewe, Jumamosi. Mugomba haukunjiki katikati, Mama Malaika. Huyu alikunjika."

Kwenye msalaba palikuwa na jina moja, limeandikwa kwa rangi ileile ya samawati: Sarah-Grâce.

Rachida alilijua jina hilo. Siku moja tu Umande walimruhusu kumtembelea Malaika, na mtoto alimwonyesha kwa mbali rafiki anayelala naye kitanda kimoja, msichana mwembamba mwenye mwanya, hana ndugu yeyote duniani.

"Alipatwa na nini?"

"Homa. Walimuleta na pikipiki kutoka Lusangi Ijumaa jioni. Miye sikuwa, nilikuwa shambani. Asubuhi nikamukuta amefungwa tayari. Muuguzi wetu ni mupya, hajue watoto kwa sura. Alisoma namba kwa bangili, akafungua kitabu, akaandika jina. Nikachimba. Hakuna mutu alikuja kumulilia."

Bangili zile za plastiki kila mtoto wa Umande anazo, na namba juu yake. Rachida aliinama akaokota jani kavu juu ya kituta, akalitupa pembeni. Alimhurumia mtoto yule aliyezikwa bila chozi. Na tuseme ukweli wote, kwa kuwa tumekubaliana tangu sehemu ya kwanza kwamba hatutamfanya mtakatifu: chini ya huruma alifurahi. Alifurahi kwamba aliyekunjika katikati alikuwa mtoto wa mwingine.

Simu yake ililia.

Namba hakuijua. Alidhani ni Binti.

"Mama Malaika?"

Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, ya mbali, inakatika. Rachida alipiga ukelele uliowanyamazisha waimbaji kule darasani.

"Malaika! Malaika wangu! Uko wapi, mama?"

"Hapana," ilisema sauti. "Ni miye Sarah-Grâce."

Rachida aliutazama msalaba. Aliusoma tena, herufi kwa herufi.

"Sarah-Grâce gani?" aliuliza.

"Wa Umande. Niko Lusangi. Malaika alinifundisha namba yako, tulikuwa tunaiimba usiku ili tusiisahau. Natafuta telefone tangu Ijumaa, leo mama mumoja anayeuza chakula kwa wachimbaji ndiye amenipa kidogo. Nilitaka kumusalimia tu. Amepona?"

"Nani, mutoto wangu? Nani amepona?"

"Malaika. Alikuwa na homa, hata maji alikuwa anatapika. Pikipiki ya Umande ilikuja kuchukua wagonjwa. Bangili yake ilikuwa imekatika zamani, wakasema mutoto bila bangili hawamubebe, hayuko kwa kitabu. Alianza kulia. Nikatoa yangu nikamuvalisha, wakamubeba."

Zakaria, aliyesimama karibu na kusikia kila neno, aliweka mikono kichwani.

"Nikamufunika na kitenge changu pia," Sarah-Grâce aliendelea. "Nikamuambia ukifika Kasongo, sema jina lako mwenyewe, usiseme langu. Amefika kwako?"

Watu husema moyo hupasuka. Wa Rachida haukupasuka. Ulinyamaza kabisa, akasikia wimbo wa watoto darasani, mstari mzima, neno kwa neno, wanamshukuru Mungu kwa nyumba njema.

Mtoto wa watu, kule kwenye machimbo, alikuwa anangoja jibu.

"Amefika," alisema Rachida. "Amefika, mama."

"Ah, merci! Basi umuambie anitumie bangili. Na miye nataka kurudi."

Simu ikakatika.

Rachida aliipiga ile namba mara tatu. Haikupatikana. Zakaria alikuwa ameshaleta jembe. Hakuomba ruhusa ya mtu. Kaburi la Jumamosi lilikuwa fupi, alilichimba mwenyewe na alijua kina chake. Udongo ulikuwa bado laini.

"Labda si yeye," alisema bila kuinua uso. "Labda iko mutoto mwingine kabisa. Pikipiki ilibeba wengi."

"Chimba, Zakaria."

Alichimba. Rachida alimpigia Binti.

"Uko wapi weye?" Binti alifoka kwa kunong'ona. "Shehe amesimama! André anataka kuingia, nimemukalia mulango. Adhana ya Alasiri imepita!"

"Wasimuswalie."

"Niwaambie nini?"

"Waonyeshe wote. Toa mugomba nje, mbele ya shehe, mbele ya wanaume. Halafu chukua ile sanda uikunje, ulete huku kituoni. Kuja na maji ya kutosha, dada. Kuja na sabuni yako, na karafuu maiti, na kila kitu."

Binti, ambaye hajawahi kuuliza swali hilo katika maisha yake yote ya kazi, aliuliza:

"Ya kumuosha nani, Rachida?"

Rachida alishusha simu. Jembe lilikuwa limenyamaza. Alipogeuka alimwona Zakaria amepiga magoti ndani ya shimo, amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili. Mbele yake, katikati ya udongo mwekundu, lilionekana pindo la kitenge.

Alishuka shimoni. Alikuwa bado hajakigusa kitenge, wakati lango kubwa la kituo liliposukumwa kwa nguvu, likajibamiza, na mtu ambaye hawakumwona akalifunga kwa ufunguo kutoka ndani, wao wakiwa humo.